Kopo la Saba la Rachida

Asubuhi ile haikuwa na jambo. Ndiyo maana ninaikumbuka yote.

Rachida aliamka kabla yangu. Aliswali, akawasha moto, akapasha mihogo ya jana. Tulikula bila kusema mengi, maana sisi tulikuwa watu wa kula kimya. Aliniambia kamba ya mlango wa banda la kuku imekatika. Nikasema nitaifunga. Halafu akachukua chupa ya plastiki, akaanza kumimina ndani yake mpunga wa mbegu kwa kiganja, kidogo kidogo. Akachanganya na majivu na pilipili kavu tatu, wadudu wasiingie. Akakaza kifuniko. Akaitingisha karibu na sikio, akaridhika.

Ilikuwa mwezi wa nne. Mvua zilikuwa nyingi na kijito chetu, Kamulila, kilikuwa kimefunika jiwe la kufulia. Nilimbebea upondo mpaka majini, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Nikashika mtumbwi, yeye akaingia. Akaniambia twende wote. Nikasema kuku. Kila mara maji yakijaa, kuku walinifaa.

Akasimama katikati ya mtumbwi, kama alivyosimama siku zote. Akisukuma, alisema neno la kunichokoza. Niligeuka kwenda kufunga mlango wa kuku. Neno lile nitaliweka mwisho, kwa sababu nililielewa mwisho.

Alirudi saa sita na mbegu ya mwaka jana, ya kula, na majani ya matembele. Saa tisa alisema kichwa kinamuuma. Siku ya tatu tukamzika.

Binti yetu Faida, anayekaa Kindu, aliniomba niandike mama yake alikuwa mtu wa namna gani, wajukuu wasome. Nilimwambia mimi sikukaa shuleni hata siku moja. Akasema, mama si alikufundisha herufi? Kweli. Alinifundisha ndevu zikiwa nyeupe tayari, kwa mkaa, juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Basi naandika. Sina maneno mengi.

Rachida alizaliwa Nyangwe. Baba yake alichonga mitumbwi na kuvua samaki katika Lualaba. Kwao mtoto anasimama mtumbwini kabla hajamaliza kuota meno, na mtu mzima akionekana amekaa, watu wa ukingoni wanauliza kama ni mgonjwa. Mimi ni Mubangubangu wa Kabambare, mtu wa vilima. Kwetu mto unavukwa kwa miguu, suruali imekunjwa.

Nilimkuta soko la Kasongo. Yeye aliuza samaki wakavu, mimi tumbaku. Nilinunua samaki kwake wiki tatu mfululizo, na samaki sipendi. Wiki ya nne aliniuliza nyumbani nina paka wangapi. Nikamwambia sina paka hata mmoja. Akasema basi mwambie baba yako aje azungumze na baba yangu, kabla samaki hawajaoza kwenye paa lako. Aliyemwambia kuhusu paa sijamjua mpaka leo.

Tulijenga hapa, nusu ya njia kati ya Kasongo na Nyangwe, yeye apate maji, mimi nipate nchi kavu. Alilima mpunga kwenye tope la Kamulila. Mbegu ilikuwa ya mama yake, mpunga mwekundu wenye shina refu, unaosimama hata maji yakija mpaka kiunoni. Ukiweka pale mpunga wa sokoni, unaoza. Tulijaribu mara mbili. Mara ya pili Rachida alisimama ukingoni akitazama ule uozo, akasema mpunga huu nao ni wa Kabambare.

Alikuwa na ulimi huo. Lakini hakuutumia kwa mtu aliyekuwa chini. Kwangu aliutumia kwa sababu nilikuwa wake.

Kwenye mtumbwi mimi nilikaa chini, katikati, mkono mmoja kila upande. Miaka arobaini na tatu nilikaa hivyo. Kijito kizima kilinijua. Wanawake wakifua nguo walimpigia sauti, Rachida, leo umepakia nini? Naye aliwajibu, mume. Walicheka mpaka tunapita kona. Mwanzoni niliudhika. Baadaye nilizoea, nikawa nawapungia mkono, mkono mmoja tu, wa pili haukutaka kuachia mtumbwi.

Sasa makopo.

Yalianza wakati wa vita, ile ya pili. Mwaka ule chumvi ilipotea. Mtu akipita barabarani na chumvi, wenye bunduki waliichukua, na kama hawakumpiga alishukuru. Sisi wanaume tulikuwa tumejificha msituni. Wanawake walilima kwa kuvizia. Rachida alikuwa na njia yake, kwa sababu Kamulila ni chembamba na miti inakifunika juu, mtu wa barabarani hakioni. Alfajiri kwenye ukungu aliteremka mpaka Lualaba kwa ndugu zake, akarudi na chumvi imefungwa kwenye kitambaa.

Aliitaka iwafikie wanawake wengine. Lakini kukutana ilikuwa hatari, wanawake wawili wakisimama pamoja walionekana. Akachukua kopo la maziwa ya unga, akatia chumvi, akafunga kifuniko kwa mpira wa baiskeli, akaliweka ndani ya tundu la mti ukingoni. Kwenye shina akakata alama tatu kwa panga. Alimwambia mtu mmoja tu, Emmanuella, mkulima wa upande wa juu, Mkristo wa parokia, rafiki yake tangu tulipohamia.

Siku tano baadaye alipita tena. Chumvi haikuwepo. Ndani ya kopo kulikuwa na sindano moja, imechomwa kwenye kipande cha kitenge, na uzi. Alikuja nayo mpaka msituni nilikokuwa, akainyoosha mbele ya macho yangu.

"Muzee," alisema, "kijito kimejibu."

Ikawa hivyo. Kopo la pili, la tatu, mpaka sita, kila moja karibu na kivuko, mahali mkono unafika mwaka mzima. Unachukua kile unachokosa, unaacha kile ulicho nacho. Kopo haliachwi tupu. Kama huna kitu kabisa, acha mbegu tatu za boga, acha jani la dawa. Na huulizi nani aliacha. Humo tulikuta njiti za kiberiti, nusu ya sabuni, wembe, kwinini. Mara moja picha ya Bikira Maria. Mara moja tasbihi. Rachida aliziacha palepale zote mbili, akasema mwenye kuzihitaji atapita.

La saba halikuwa la watu. Lilikuwa la nyumba yetu. Humo aliweka mbegu ya mpunga mwekundu, maana wenye bunduki wakiona mbegu ndani ya nyumba waliipika, na nyumba isiyo na mbegu mwaka unaofuata inalima nini? Kila mwezi wa nne alipeleka mbegu mpya, akarudi na ya zamani, tukaila. Mara moja tu kwa mwaka. Mimi sikuwahi kwenda naye. Kuku.

Vita ikaisha. Makopo hayakuisha. Wanawake walikuwa wamezoea, na chumvi sokoni nayo haikuwa kitu cha kutupa.

Miaka miwili iliyopita Yves alikuja kupumzika kwa mama yake. Yves ni mtoto wa Emmanuella, mtu mzima mwenye mke, anapima chemchemi za maji kwa mradi mmoja. Anatembea na simu inayojua mahali ilipo. Rachida alimpakia mtumbwini akamwonyesha makopo. Aliporudi alikuwa anacheka. Alituambia kwamba nchi za mbali kuna watu wanafanya hivi kwa mchezo. Wanaficha vikopo kwenye mito na misitu, wanaandika mahali kwenye simu, na wengine wanapanda mitumbwi kwenda kuvitafuta. Wakipata wanaandika jina, wanabadilisha kitu kidogo, wanarudisha.

Rachida aliuliza, watu hao wanakosa nini?

Yves akasema hawakosi kitu.

"Basi wanakosa mutu wa kuwaachia," Rachida alisema.

Yves aliweka makopo kwenye simu, kila kopo nukta yake. La saba Rachida alikataa kwanza. Halafu siku ya Yves kuondoka alimwita, wakaenda. Nilimsikia akimwambia wakirudi kwamba muzee huyu siku moja atalihitaji, na yeye hata njia ya chooni anaweza kuipoteza. Yves alituachia simu yake ya zamani. Akanifundisha mimi: unafuata mshale, mshale ukigeuka kuwa duara, umefika. Nilijaribu uwanjani. Nilifika kwenye banda la kuku bila shida.

Sasa matanga.

Watu walitoka Kasongo, Nyangwe, wengine mpaka Lusangi. Mimi nilikaa mkekani na wanaume, kama inavyotakiwa. Mfiwa haendi jikoni. Nyumba ilikuwa mikononi mwa mashangazi wa Rachida. Juu ya moto wetu kulikuwa na kikapu kinaning'inia kwenye moshi. Kila mwanamke wa huku anajua kwamba kikapu cha kwenye moshi ni mbegu, hakiguswi. Lakini mashangazi wale ni watu wa mjini Kasongo. Mpunga wao unatoka dukani.

Siku ya pili nikasikia kinu. Wanawake watatu wanapokezana, kinasikika vizuri. Nilifikiri ni mihogo.

Jioni wakatuletea wali. Ulikuwa mwekundu.

Niliangalia sahani. Watu wale walikuwa wamekuja kulia na mimi. Shangazi mkubwa alikuwa ametembea kwa miguu kutoka kwenye daraja pikipiki ilipoharibika, na mguu wake umevimba. Ningesemaje? Nikanawa, nikala. Wali ulikuwa mzuri. Rachida angepunguza maji.

Baada ya arobaini Faida alikaa na mimi nje. Alikuwa ameshazungumza na kaka zake kwa simu. Aliniambia kwa upole kwamba mtu peke yake, bila shamba, hawezi kukaa huku, na shamba lisilo na mbegu ni tope tu. Kindu kuna chumba. Kina dirisha, alisema, kinaangalia barabara, hutachoka. Nikamwambia mbegu iko kwenye kopo la saba la mama yako, na simu ninayo.

Aliichukua simu, akaiangalia pande zote.

"Sawa, baba," alisema. "Mvua ya kwanza ikikuta mbegu iko, bakia. Isipokuwepo, utakuja, na hautanibishia."

Nilikubali. Nilikubali haraka, kwa ajili ya ule mshale.

Kiangazi chote sikwenda. Mtumbwi ulikuwa pale alipouvuta mwenyewe, na ndani yake bado kulikuwa na jani moja la matembele, limekauka. Sikuweza kuingia. Nilisema kesho. Mwezi wa tisa mawingu yakaanza kukaa upande wa Lualaba. Nikajua kesho zimekwisha. Nililitoa jani, nikaingia.

Nilikaa chini, katikati, safari hii na kafi mkononi. Simu ilikuwa shingoni ndani ya mfuko wa plastiki. Upondo niliulaza mtumbwini kwa sababu ulikuwa wa mtumbwi ule, mimi siujui. Kamulila cha kiangazi ni kitu kingine. Maji yameshuka, kingo zimekuwa kuta za udongo, mizizi inaning'inia hewani kama nyavu. Nilipita kopo la kwanza, la pili, nikayaona yote sita mahali pake, na alama zake tatu. Kwenye la nne kulikuwa na kipande kipya cha sabuni. Mtu alikuwa amepita wiki ile. Sikuchukua.

Mbele ya kona ya mwisho mshale ukageuka duara. Kulikuwa na mvule mkubwa umeinamia maji. Nilitafuta alama tatu kwenye shina. Hakuna. Nilitia mkono kwenye kila tundu la mizizi. Nilipata kaa. Nilipata mgono mbovu wa kunasia samaki, wa mtu wa zamani. Nilichimba udongo wa ukingo kwa kafi. Jioni nikarudi.

Siku ya pili nilienda tena, nikatafuta upande wa pili wa maji, maana Yves alisema simu inaweza kukosea hatua nne, tano. Siku ya tatu mtumbwi uliyumba, nikaingia maji mpaka kifuani, nimeinua simu juu kama mtu anayeapa. Duara lilikuwa bado pale. Simu ilisema umefika. Nilikuwa nimefika. Kopo hakuna.

Nilirudi nikiwa nimelowa, na njiani wazo baya likanipanda kichwani. Kopo lile lilijulikana na Rachida, na simu. Simu ni ya Yves. Yves ni mtoto wa Emmanuella. Na mwaka huu mpunga ulikuwa ghali.

Asubuhi nikaenda kwake kwa mtumbwi. Nilimkuta mlangoni anabambua karanga. Nilimsalimia, nikauliza miguu yake, nikauliza Yves, akasema yuko chemchemi ambako simu haishiki, nikauliza karanga. Halafu nikauliza kama siku hizi anapitapita ule upande wa mvule.

Vidole vyake havikusimama.

"Shemeji, uliza vizuri. Unataka kuniuliza kama niliiba."

Nikachukua karanga moja kwenye ungo wake. Nikaibambua.

"Niliiba," alisema. "Lakini hapana mwaka huu."

Akanihadithia. Ilikuwa mwaka wa vita, Yves ana miaka mitano, miguu imevimba kwa njaa, nywele zimekuwa nyekundu. Emmanuella alikuwa amemwona Rachida mara moja chini ya mvule, akajua. Alikaa na jambo lile siku nne. Siku ya tano akaenda, akaichukua mbegu yote, akaipika kwa siku tatu kidogo kidogo. Lakini kopo haliachwi tupu. Hakuwa na kitu, hata mbegu ya boga. Akakata kifungo cha shati la Yves, akakiweka ndani.

Wiki iliyofuata alienda kwenye kopo la kwanza, lile la karibu na shamba lake. Alikuta chumvi, na samaki mkavu amefungwa kwenye jani, na kile kifungo. Kilikuwa kimeshonwa kwenye kipande cha kitambaa, na uzi umeachwa mrefu, tayari kwa kushonea. Rachida hakumwambia neno. Wala siku ile wala miaka ishirini na tano baadaye.

"Naye hakukuambia weye?" aliniuliza.

"Aliniambia panya."

Niliwakumbuka panya wale. Niliwatega mwezi mzima, pale msituni, kwa mitego mitatu. Rachida kila asubuhi aliniuliza kama nimepata mmoja. Mbegu ya mwaka ule aliifuata Nyangwe kwa mama yake. Mama yake sasa amekufa, na kule hakuna tena anayelima mpunga ule.

Emmanuella alicheka kwa ajili ya mitego. Alicheka mpaka akaweka ungo chini, halafu akajifuta macho kwa pindo la kitenge, akabaki amelishika pale usoni. Nami nilikaa chini kwenye kizingiti chake. Nilitaka kuomba msamaha, lakini sikujua nianzie kwa yupi.

"Tangu siku ile sijaligusa," alisema kutoka nyuma ya kitenge. "Nikipita pale nainua tu macho, nasalimia."

"Unainua?"

Alishusha kitenge. "Sasa nitazame wapi?" Alinitazama vizuri, suruali yangu yenye udongo mpaka kwenye mapaja. "Shemeji. Weye ulitafuta wapi?"

Nikamwambia. Mizizi, matundu, udongo, kaa.

"Rachida alipeleka mbegu mwezi gani?"

"Wa ine."

"Na mwezi wa ine maji yanafikaka wapi pale kwenye mvule?"

Niliinua mkono mpaka kichwani, ukabakia huko.

"Na Rachida," alisema, "alikuwa amekaa chini, kama weye?"

Siku ile sikungoja kesho. Nilienda moja kwa moja kutoka kwake. Yeye alinipa karanga kwenye karatasi na hakusema anakuja. Alijua.

Nilipofika chini ya mvule niliangalia shina, na sasa niliona: mstari wa udongo mkavu wa maji yaliyojaa, juu ya kichwa changu kwa urefu wa mtu. Miezi mitano iliyopita mtumbwi huu ulikuwa unaelea kule juu. Na juu ya mtumbwi kulikuwa na mtu amesimama, amenyoosha mkono. Mimi nilikuwa nimetafuta siku tatu mahali ambapo mwezi wa nne, chini ya Rachida, walipita samaki.

Kutoka pale nilipokaa majani yalifunika kila kitu. Niliona mizizi na tumbo la tawi moja. Nikafunga mtumbwi kwenye mzizi. Nikasubiri uache kutikisika. Haukuacha, kwa sababu aliyekuwa anatikisika ni mimi. Nina miaka sabini na mbili. Nikaweka goti moja. Nikashika shina. Nikaweka mguu wa kwanza, wa pili, nikanyooka kidogo, nikarudi chini. Nikajaribu tena. Safari hii nilinyooka kabisa.

Kamulila nimekijua miaka arobaini na tatu na sikuwa nimekiona. Ukisimama, kuta za udongo zinaisha. Nililiona shamba letu, tope lake linang'aa kidogo mbali kule. Niliona moshi wa nyumba ya Emmanuella. Niliona kona zote mbili kwa pamoja, iliyopita na inayokuja, na vivuko, na mtu mmoja anayevuka na baiskeli begani. Yeye aliona haya yote kila siku, na mgongoni kwake mimi nilikuwa nimekaa natazama visigino vyake.

Kisha nikainua macho. Kwenye shina kulikuwa na alama tatu. Juu yake, tawi linapogawanyika, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, limefungwa waya, na kwenye waya kipande cha kikwembe chake, kile kitenge cha buluu. Mwizi wa kiangazi anapita chini yake na halioni. Mume pia.

Mkono haukufika. Nikachukua upondo, nikauinua, mguu mmoja ubavu huu, mmoja ubavu ule, mgongo kwenye shina. Ncha ilikosa waya mara nyingi, sikuhesabu. Halafu ikashika. Nikaliteremsha taratibu mpaka kifuani.

Chupa ilikuwa ndani. Majivu, pilipili tatu, mpunga. Niliitingisha karibu na sikio. Ilikuwa kavu, inasema vizuri.

Nikaitoa. Kopo likabaki tupu mikononi mwangu. La saba ni la nyumba, hakuna ambaye angejua. Lakini niliona siwezi kulirudisha hivyo. Mfukoni nilikuwa na chumvi kwenye karatasi, ya kulia mihogo, na karanga za Emmanuella. Nikaviweka vyote viwili, nikafunga waya, nikalipandisha tena kwa upondo mpaka likakaa mahali pake.

Nilirudi nimesimama mpaka kona ya kwanza. Baada ya kona nilikaa. Siku nyingine nitafika kona ya pili.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku nane baadaye. Mbegu haikutosha shamba lote, imetosha ile kona ya chini, na mwaka ujao itatosha zaidi. Emmanuella alikuja na jembe lake siku mbili, hatukuzungumza tena habari ya kifungo. Faida alipiga simu. Nilimwambia mbegu iko ardhini tayari. Akaniuliza niliipata wapi, na nilipomwambia nilisimama alicheka kama mama yake, akasema basi baba, bakia.

Wanawake wanaofua bado wako pale. Juzi nilipita nimesimama, miguu imetanuka kama bata. Mmoja alifungua mdomo aniulize nimepakia nini, halafu akakumbuka, akaufunga. Nikampungia mkono.

Sasa lile neno. Asubuhi ile, maji yamejaa, chupa ya mbegu miguuni kwake, Rachida aliuchomeka upondo, akasukuma, na bila kugeuka aliniambia:

"Baba Faida, weye unakaaka mu mutumbwi kama gunia. Siku moja simama kidogo, uone vile miye naonaka."